Ruzuku ya Umeme: Anaruzukiwa Nani?

Mwanafunzi wangu, neno ruzuku ni ndugu wa neno riziki. Kumruzuku mtu ni kumpa cha kumwezesha kuishi. Basi jiulize: serikali inapotoa ruzuku ili umeme uzalishwe, anayeruzukiwa ni nani?

Tuitazame Uganda. Bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilizinduliwa mwaka 2012. Kampuni inayolimiliki ilisamehewa kodi ya mapato, na Bunge limeurefusha msamaha huo zaidi ya mara moja, kwa hoja kwamba kodi ikirejeshwa bei ya umeme itapanda. Mwaka 2013 ulianza mpango wa GETFiT. Kwa fedha za wafadhili, zikiwemo za Ujerumani na Uingereza, wazalishaji wadogo waliongezewa malipo juu ya bei ya kila uniti. Ndivyo vilivyojengwa vituo kadhaa vya maji na vya jua, kikiwemo kile cha Soroti cha megawati 10.

Mimi sipingi motisha. Hakuna atakayezamisha mali yake mtoni bila dhamana. Ninachokipinga ni motisha isiyo na ukomo. Ipo mikataba inayoilazimu serikali kulipia umeme ulio tayari, hata usipotumika. Hapo mzalishaji hana hasara. Hasara humwangukia mlipa kodi. Wakati huohuo familia nyingi za Kampala zingali zikipika kwa makaa, na vijijini wapo watoto wanaosoma kwa koroboi ilhali nyaya za umeme mkubwa zinapita juu ya mashamba ya wazazi wao.

Watetezi watasema umeme kwanza, wateja baadaye. Nami nasema: umeme usiomfikia mtu ni mto unaopita mbali na mtungi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na msamaha unaorefushwa kila unapokwisha humfundisha mwekezaji kuusubiri mwingine.

Kwa hiyo msamaha uwe na tarehe ya mwisho isiyosogezwa. Mikataba isomwe hadharani. Na sehemu ya motisha iende kuwaunganishia umeme wasionao, maana wao ndio soko linalokosekana.

Nawe, utakapolisikia tena neno motisha katika hotuba, uliza maswali matatu: anapewa nani, kwa muda gani, na nani analipa? Raia asiyeuliza hulipa bila kujua.