Msafiri na kufuli la msikiti

Ijumaa ya leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuzungumze juu ya msafiri wa miguu, yule mwenye shanta mgongoni na nauli ya kuhesabu, na juu ya kufuli tulilolikuta katika mlango wa nyumba ya ibada.

Mwezi wa Januari mwaka 2024 tulifunga safari pamoja na rafiki yetu mmoja, mwalimu kutoka bara ambaye alikuwa hajapata kuiona bahari. Nia yetu ilikuwa kulitembea jiji la Dar es Salaam siku mbili, kisha tuvuke kwenda Unguja. Kila mmoja alibeba nguo chache, msala na chupa ya maji. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.), mtu alipokuja kumsifu mwenziwe, alimuuliza kama amepata kusafiri naye. Sisi mwenzetu tumesafiri naye, na tunamshuhudia kuwa ni mvumilivu, ila akishikwa na njaa.

Siku ya kwanza tulitoka Kariakoo hadi soko la samaki la Feri, jua la kaskazi likiwa juu ya vichwa vyetu. Ilipofika saa nane na nusu tulikuwa bado hatujasali Adhuhuri. Tukauendea msikiti mmoja usio mbali na bandari, ambao hatutautaja jina. Geti lilikuwa na kufuli. Ndani alikaa bawabu, naye akatwambia kwa upole, “Ndugu zangu, mpaka Alasiri.” Tulipoomba maji ya kutawadha tu, akatuonyesha duka la ng’ambo linalouza maji ya chupa.

Pembeni yetu alisimama mama mmoja na mtoto wake, anasubiri boti ya jioni. Huyu hata Alasiri isingemfaa, kwa kuwa msikiti ule hauna upande wa wanawake. Udhu alikuwa nao. Akatandika kanga yake chini ya ukuta, nje, akasali pale huku magari yakipita. Tangu siku hiyo kila tukisikia harambee ya kupandisha mnara wa msikiti, tunamkumbuka mama yule.

Hatusemi kwamba kamati za misikiti zimefunga milango kwa uchoyo. Mabomba yanang’olewa, viatu vinaibwa, mazulia na vipaza sauti havisazwi, na wapo wanaolala wakaacha uchafu. Hayo ni kweli. Lakini kufuli lililowekewa mwizi linamnasa msafiri, na mwizi ana njia zake. Ukumbi wenye mazulia ungeweza kufungwa, baraza na bomba moja vikaachwa wazi. Bawabu yule alikuwa amekaa palepale na geti limefungwa. Angeweza kukaa palepale na geti liko wazi.

Tukumbuke kwamba katika Surat At-Tawba, aya ya 60, Ibn Sabil, yaani mwana wa njia, ametajwa miongoni mwa makundi manane yanayostahiki Zaka. Huenda kwao ni tajiri. Haki yake imetokana na kuwa njiani.

Wala ukarimu huu si mgeni kwetu. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alianzia Mogadishu, akawekwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa na achari za maembe, mara tatu kwa siku, siku tatu. Siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, akaletewa na nguo za kwendea msikitini. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na alichokikumbuka ni visima vilivyokuwa kwenye milango ya misikiti, na kipande cha jamvi cha kufutia miguu baada ya kuiosha. (Wahenga wetu wana methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Watu wa Mogadishu, naona, hawakuwa nayo.)

Boti ilituvusha kwa muda wa saa mbili hivi. Tuliposhuka Malindi, mapapasi walituona na mashanta yetu wakatuzunguka kwa Kiingereza, kisha kwa Kitaliano. Tulipoitikia kwa Assalaam alaykum, walicheka wakatawanyika. Mwenzetu akasema, “Kumbe salamu yetu inamshusha mtu bei.” Tulicheka, ingawa neno lile lilituuma.

Tukaingia vichochoro vya Mji Mkongwe. Penye baraza la msikiti mdogo alikaa mzee mmoja. Tukamwamkia, akaitikia, akasema, “Karibuni wanangu, mmechoka.” Hakuuliza tunataka nini. Alitoa ufunguo katika mfuko wa kanzu yake, akafungua mlango wa pembeni, akatuonyesha maji, kisha akamtuma kijana kahawa na kashata. Mwenzetu alijinyoosha barazani miguu ikielekea kibla, mzee akamwambia taratibu, “Mwanangu, geuka.” Akageuka, akalala mpaka Alasiri. Msafiri naye ana adabu zake, na wanaopita vichochoro vile vifua wazi wangefaidika kukutana na mzee huyu.

Kufuli, basi, analo na yeye. Ila ufunguo unakaa barazani pamoja naye.

Kesho yake tulipanda daladala hadi Kizimkazi, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya baadaye, lakini ukuta wa kibla ni wa kale. Tulisimama mbele ya mihrabu ile tukiwafikiria mabaharia walioletwa na kaskazi, wakakaa pwani hii wakingoja kusi iwarudishe kwao. Walikuwa na miezi ya kungoja, na mahali pa kusujudia walipakuta.

Tuliporudi Dar es Salaam ilikuwa saa nne asubuhi, na geti lile lilikuwa limefungwa. Bawabu aliyatambua mashanta yetu, akatuuliza kama tumerudi salama. Tukamwitikia, kisha tukamwomba jina la katibu wa kamati. Barua tumeshaipeleka. Tumeomba baraza liachwe wazi, bomba moja litoe maji, na pazia litungikwe upande wa akina mama.