Injini ya Pikapu ya Kale: Isogezwe Nyuma au Iachwe?

Swali la wiki hii limetoka Marekani, kwa kijana wetu anayemiliki pikapu ya Chevrolet 3100, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa ubia na ami yake. Injini ya asili ya mitungi sita imekufa. Mahali pake wamekusudia kutia injini ya mitungi minane ya kampuni hiyo hiyo, ambayo ni fupi zaidi kwa kuwa mitungi yake imepangwa safu mbili. Kijana anataka irudishwe nyuma sentimita 15, hata ikibidi kukata ukuta wa chuma unaoitenga na chumba cha dereva. Ami amekataa. Fedha ni za wote wawili, na mazungumzo yao, kwa maelezo ya kijana, siku hizi hayazidi salamu.

Hoja ya kijana ina asili. Pikapu isiyo na mzigo huwa nzito mbele na nyepesi nyuma. Barabara ikilowa, magurudumu ya nyuma huteleza upesi, na breki zikikanyagwa kwa ghafla hayo ndiyo hujifunga kwanza, gari likataka kugeuka. Kurudisha injini nyuma hupunguza kasoro hiyo. Lakini hupunguza kwa kiasi gani? Hapa ndipo ugomvi mwingi wa gereji ungekwisha laiti mtu angeshika kalamu kabla ya msumeno.

Kanuni yake ni nyepesi: chukua uzito wa kinachosogezwa, zidisha kwa umbali kinaposogezwa, kisha gawa kwa umbali uliopo kati ya ekseli mbili. Injini ya aina hiyo, ya chuma cha kusubu, ina takriban kilo 260. Tukiongeza giaboksi ya kilo 60, jumla ni 320. Zidisha kwa sentimita 15, gawa kwa 295 za Chevrolet hiyo. Jibu ni kilo 16 na ushei. Huo ndio uzito utakaoondoka mbele na kwenda nyuma: uzito wa mtoto wa miaka minne. Sehemu kubwa ya faida hiyo hupatikana kwa kuhamisha betri tu, ambayo katika gari hilo hukaa chini ya sakafu ya kibanda, ikapelekwa nyuma ya ekseli ya nyuma.

Ama gharama yake ni nyingine kabisa. Katika injini hiyo distributa iko nyuma, nayo ndiyo ya kwanza kuukuta ukuta. Ukikatwa ukuta, hujengwa kisanduku kinachoingia kibandani, penye miguu ya watu; joto huingia pamoja nalo, na pasipochomelewa vizuri huingia na moshi. Kijana ameandika kuwa wanawe wawili watakaa humo. Propela shafti itafupishwa na kusawazishwa upya, maana ikiachwa na mtikisiko hula krosi zake. Boriti inayobeba giaboksi itahamishwa, mkono wa gia utasogea, na feni itakuwa mbali na rejeta, hivyo itatakiwa feni ya umeme au kava la kuelekeza upepo. Kila kimoja kinatengenezeka. Lakini chuma cha ukuta kikishakatwa, kukirudisha katika hali yake ya asili ni kazi ya fundi bingwa, na hapo ami ana haki ya kusita.

Wapo waliosogeza injini kwa makusudi makubwa zaidi. Katika miaka ya 1960 Wamarekani waliitengeneza Dodge A100 ya mashindano, wakaipa jina Little Red Wagon. Injini yake ya lita 7 iliwekwa nyuma ya viti, na kwa kuwa gari lenyewe lilikuwa fupi, ekseli zake zikiwa umbali wa sentimita 229 tu, lilipoondoka kwa nguvu liliinua magurudumu ya mbele hewani. Dereva Bill Golden alipata umaarufu kwa kuliendesha hivyo mbele ya watazamaji. Sidhani kama ndilo gari la kupelekea watoto madrasa.

Kwa wasomaji wetu wa huku wenye Land Rover 109 wanaotia injini za dizeli za Toyota, hesabu ni ile ile, ila wao wana propela mbili. Giaboksi ikirudi nyuma, ya mbele hurefushwa na ya nyuma hufupishwa, na gharama huwa maradufu.

Rai yangu ni kwamba injini iwekwe nyuma kadiri ukuta unavyoruhusu, bila kukatwa, na ibaki nafasi ya mkono wa fundi kuifikia distributa. Sampu ikigusa fito za usukani, au feni ikikosa nafasi nyuma ya rejeta, hapo kusogeza zaidi ni dharura, na ami asikatae kwa sababu ya mapenzi ya ukale. Fedha iliyokusudiwa kukatia ukuta iende kwenye breki. Gari hilo lilitoka kiwandani na nguvu za farasi takriban 90 na silinda kuu ya breki yenye chumba kimoja, ambapo bomba moja likipasuka magurudumu yote manne hukosa breki. Kuongeza nguvu na kuiacha silinda hiyo ni jambo ambalo wala kijana wala ami hakuligusia.

Kwa sasa, wateremshe gamba tupu la injini mahali pake, wafunge rejeta, kisha wapime kwa pamoja, ami akishika ncha moja ya futi.