"Niko sawa tu": neno linaloharibu nyumba zetu

Muulize mwanaume wa Goma ao Bukavu: "Habari gani, papa?" Atajibu: "Niko sawa tu, tunavumilia." Tangu M23 ichukue Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wengi wamepoteza kazi, mali na ndugu. Lakini kila mutu yuko sawa.

Mimi pia nilisema hivyo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika moto, tulikimbia na watoto kuelekea Sake. Siku zilizofuata udongo ulitetemeka mara nyingi. Kila ulipotetemeka, nilimugombeza mutoto wangu mukubwa: mara kwa ajili ya viatu, mara kwa ajili ya sahani. Nilidai kwamba ni kasirani. Bibi yangu akaniambia: "Papa, unasikia bwoga." Ilikuwa kweli. Siku nilipomuambia mutoto kwamba hata mimi ninaogopa, alinishika mukono. Habari ya viatu ikaishia hapo.

Kiswahili chetu si maskini. Tuna bwoga, huzuni, haya, uchungu, wivu, majuto, upweke. Lakini mudomoni linatoka neno moja: "Nasikia vibaya." Ni kama mugonjwa anayekataa kumuonyesha munganga pahali panapouma. Mwenye bwoga anahitaji kutulizwa. Mwenye haya anahitaji heshima. Mwenye huzuni anahitaji mutu wa kukaa karibu naye. Ukiviita vyote kasirani, nyumbani yatabaki makelele na makofi.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wazungu, ao ya watu walioshiba. Hapana. Wazee wetu walituachia kilio: watu wanakaa siku kadhaa, wanamuongelea marehemu, wanalia kwa sauti, majirani wanaleta chakula. Vita imetunyanganya hata hicho. Kuna waliozika mbio mbio, na kuna waliokimbia bila kuzika. Maiti ilibaki nyuma, uchungu ukaja nao.

Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege huko Bukavu mwaka 1999, inalifahamu jambo hilo. Wanawake waliobakwa wanapata matunzo ya mwili, na pia mutu wa kuwasikiliza, kwa sababu kidonda cha mwili kinaweza kufunga wakati cha moyo kingali wazi.

Kusema uchungu hakutaleta amani katika inchi, wala hakutajaza sufuria. Lakini kutamuepusha mutoto na kofi ambalo si lake. Anza na mutu mumoja unayemuamini: ndugu, rafiki, mama wa kanisa. Kama usingizi umekukimbia kwa majuma mengi, nenda kituo cha afya, ukaseme wazi.

Na mutoto wako wa kiume akilia, usimuambie: "Nyamaza, mwanaume halii." Muulize: "Unasikia nini? Bwoga, haya ao uchungu?" Kisha nyamaza wewe, umungojee ajibu.