Mgeni Chini ya Gogo

Kila baridi inapoingia hapa Uingereza, watoto wetu huinua gogo au jiwe bustanini na kukuta kiumbe mfano wa mjusi, amejikunja, hajongei. Baadhi yetu, kwa mazoea ya kwetu, humdhania mjusi kafiri na kutafuta kandambili. La hasha! Huyo ni nyuti, salamanda mdogo wa nchi hii; hana magamba, na jamaa yake ni chura.

Wala hakufa. Tangu Oktoba hadi Februari hivi hujificha penye unyevu pasipofikiwa na jalidi, akiishi kwa akiba ya mafuta mwilini. Hapo ndipo huruma inapoweza kumuua. Akiingizwa sebuleni penye hita, mwili huamka, akiba huteketea wakati hakuna mdudu wa kula, na ngozi anayopumulia hukauka. Gogo lirudishwe kwanza mahali pake, kisha yeye awekwe ubavuni apenye mwenyewe, asije akapondwa.

Ila yule mkubwa mwenye kishungi, mweusi, tumbo rangi ya chungwa, analindwa na sheria ya mwaka 1981. Kumkamata bila kibali ni kosa. Tuwafunze watoto kumwacha.

Wenye bustani tunawaomba waache pembeni lundo la majani makavu na magogo mawili matatu hadi machipuko. Jirani akinung'unikia uchafu, aelezwe kwa upole nani amelala humo.