Rod Temperton hakuhitaji kupiga kelele
SIKIO LA JUMAPILI
Na Mwanaisha Kombo

Uliza barazani nani alitunga "Thriller", utajibiwa kabla hujamaliza swali: Michael Jackson. Siye. Ni Mwingereza aitwaye Rod Temperton, mzaliwa wa Cleethorpes, ambaye kabla muziki haujaanza kumlisha alifanya kazi katika kiwanda cha samaki huko Grimsby.

Mwaka 1974 alijibu tangazo katika gazeti la muziki, akaingia bendi ya Heatwave kupiga kinanda. Alipoitungia "Boogie Nights", Quincy Jones kule Marekani akatega sikio. Jones alikuwa akimtayarishia Jackson albamu, akamwomba Temperton wimbo. Jamaa akatunga tatu, akidhani mkubwa atachagua mmoja. Mkubwa akachukua zote, ukiwemo "Rock with You", zikatoka katika albamu ya 1979, "Off the Wall".

Ninachomvulia kofia ni kwamba, kama fundi cherehani mzuri, hakushika mkasi kabla hajapima. Alimsikiliza Jackson, akaona kijana huyu nguvu zake ziko kwenye mdundo, basi akamtungia noti fupifupi za kurukaruka badala ya kumvutisha sauti ndefu. George Benson alipata "Give Me the Night", Patti Austin na James Ingram wakapata "Baby, Come to Me" ya polepole. Ukizisikia mfululizo huwezi kudhani zimetoka kwa mtu mmoja.

"Thriller" yenyewe ilianza ikiitwa "Starlight". Jones hakuridhika. Temperton akarudi hotelini, akaandika mamia ya majina, akalala, akaamka na hilo tunalolijua. Yale maneno ya kutisha anayoyasema mwigizaji Vincent Price mwishoni aliyaandika dakika za mwisho, sehemu yake ndani ya teksi akielekea studio. (Wenzangu mnaosubiri msukumo ushuke, mpo?)

Baadaye alitayarisha pia muziki wa filamu, akafariki London mwaka 2016. Waingereza walimwita mtu asiyeonekana, na BBC ikampa kipindi kizima cha redio kwa jina hilo. Hakupenda kamera wala mahojiano. Siku hizi wapo wanaoigeuza tabia hiyo kuwa bakora ya kuwachapia vijana wetu: tazameni, mwenzenu alinyamaza, ninyi kila biti inaanza kwa jina la prodyuza.

Bakora hiyo siipokei. Albamu ya "Thriller" ina nyimbo tisa, na tatu ni za Temperton. Marekani peke yake imethibitishwa kufikisha nakala milioni 34, na sheria ya huko inampa mtunzi senti zake kwa kila wimbo katika kila nakala inayouzwa. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: redio za kawaida za Marekani zikipiga wimbo, anayelipwa ni mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji hapati kitu. Yaani kila "Rock with You" ilipopigwa redioni huko, Jackson alipata sifa, na Temperton, ambaye hakuna msikilizaji aliyeijua sura yake, akapata pesa. Mtu wa namna hiyo ana haja gani ya kujitangaza? Karatasi ilikuwa ikimsemea.

Sasa njoo kwetu. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na taasisi ya hakimiliki, COSOTA, ilianzishwa kwa sheria hiyohiyo, lakini manung'uniko ya mirabaha hayajawahi kukoma. Kijana anauza biti kwa mkupuo, pengine kwa maneno matupu bila mkataba, na wimbo ukivuma yeye anausikia kwenye daladala kama abiria wengine. Asipotaja jina lake mwanzoni mwa wimbo, mteja wa pili atampataje? Kero ipo, sikatai. Hata mimi zipo nyimbo ninazozisogeza mbele nikwepe hizo kelele. Ila anayetaka maprodyuza wanyamaze aanzie kwenye vituo vya redio. Aombe orodha ya nyimbo zilizopigwa mwezi uliopita, kisha aulize watunzi gani wamelipwa, na shilingi ngapi.