Pensheni isiyotengewa fedha ni deni

JULAI 2013 Jiji la Detroit, Marekani, lilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Madeni yalikadiriwa kufikia Dola bilioni 18, sehemu kubwa ikiwa pensheni na matibabu ya wastaafu.

Chanzo kinaeleweka. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu karibu milioni 1.85; mwaka 2010 walibaki kama 714,000. Viwanda vilihama na kodi ikapungua, lakini ahadi kwa wastaafu zilibaki zile za enzi za neema. Mwaka 2005 jiji lilikopa Dola bilioni 1.4 kujazia mifuko ya pensheni. Mkopo huo nao ukawa mzigo.

Mwishoni mwa 2014 watumishi wa kawaida walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni na kupoteza nyongeza ya kila mwaka. Polisi na zimamoto walipunguziwa nyongeza tu.

Mstaafu akikatwa, mwenye duka naye huuza kidogo. Somo kwa ushirika na SACCOS zetu ni hili: ukiwaahidi wanachama malipo ya baadaye, tenga fedha zake wakati wa mavuno, usingoje msimu wa njaa.