Kiazi cha Mama Mkwe

Juzi hapa kwetu Pasiansi ilibaki kidogo tununiane wiki nzima, na chanzo ni chakula! Mama mkwe alituma kifurushi kwa basi kutoka Tunduma. Mume wangu kukifungua tu, macho yakang'aa: chikanda!

Kama huijui, ni viazi vya okidi pori. Vinatwangwa, vinapikwa na karanga za kusaga, magadi na pilipili mpaka vigande, kisha unakata vipande kama keki. Tamu, si utani.

Tatizo, nilisema mimi sili. Mwenzangu akaweka kijiko chini: "Kwa hiyo unadharau chakula cha kwetu?" Mwenzangu msomaji, hapo ugomvi umeshatoka mezani, umehamia ukweni.

Nikamweleza taratibu. Okidi hizi zina viazi viwili: cha zamani kinachonyauka, na kipya cha kuotesha ua la mwakani. Mchimbaji anataka kile kipya. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria kuwa viazi vilivyokuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia ni mamilioni kila mwaka. Kitulo, maarufu kwa maua hayo, ikawa Hifadhi ya Taifa 2005.

"Si tupande wenyewe?" akauliza. Swali zuri! Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Porini inalelewa na kuvu wa udongoni. Maabara wanaisafisha kwa dawa ya kuua vijidudu, wanaipanda kwenye chupa yenye rojo la sukari na madini, gizani. Kuchipua tu ni wiki hadi miezi, kiazi cha kujaza sufuria bado sana. Ila tunda moja lina maelfu ya mbegu, kwa hiyo matumaini yapo.

Nikamalizia kwa lugha ya Ziwa: kuchimba porini ni kokoro, maabara ni vizimba vya sato. Akacheka.

Kilichokwishafika tulikipika, kwa heshima ya mama. Kisha akampigia mwenyewe: safari ijayo tuma karanga na maharage. Nikasikia mama akiuliza, "Mkeo ndiye kakataa?"

"Hapana mama, tumeamua."

Wanandoa wenzangu, hiyo "tu" ina uzito kuliko maua ya dukani. Angesema "amekataa", mimi na mama tungeishi na kinyongo miaka. Wewe kwenu mnasemaje? Tukutane mwezi ujao!